Kuihama Larkmoor

"Samahani sana, kipenzi," alisema binti wa kampuni ya umeme ya Larkmoor kwenye simu. "Ombi lako la kuhamia kampuni ya Pennick tumelipata, lakini tumelizuia."

"Mmelizuia tena?"

"Ndiyo. Una deni letu."

"Najua nina deni lenu, mwanangu. Nahama kwa sababu ya hilo deni. Bei zenu ndizo zilizonifikisha hapa."

"Nakuelewa kabisa. Likishuka chini ya pauni mia tano unaruhusiwa kuondoka nalo, Pennick watalipokea. Likiwa juu ya hapo, inabidi uendelee kuwa nasi."

"Na nikiendelea kuwa nanyi linapanda."

"Nakuelewa kabisa," alisema binti, kisha akauliza kama kuna jambo jingine angeweza kumsaidia.

Noreen Purvis akakata simu. Alikuwa amesimama jikoni kwake, South Shields, Uingereza, amevaa koti la mvua juu ya koti la sufu, na pumzi yake ilikuwa ikionekana hewani. Katika mji ule wote huitana kipenzi, mwuza samaki na polisi, na hata yule jamaa aliyekuja na karatasi ya mahakama kumbadilishia mita alimwita kipenzi huku akikaza skrubu. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya Larkmoor yalimwacha Noreen ndani ya pango na kumfungia mlango kwa nje.

Mtego wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka, bili ya umeme ilikuwa ikipanda huku Noreen na mumewe Les wakizidi kujibana. Walifunga chumba kimoja, wakafunga cha pili. Walipika chakula cha siku mbili katika sufuria moja, wakaacha kupiga pasi, wakaoga kwa zamu za haraka kama wako jeshini. Bili ikaja kubwa zaidi. Noreen alipopiga simu kulalamika, Larkmoor walimwambia akague friji yake. Akaikagua. Friji ilikuwa nzima, na mle ndani hakukuwa na kitu cha maana cha kupozwa. Deni lilipovuka mpaka waliojiwekea wao wenyewe, wakamfungia mita ya kulipia kabla, ile ya kifunguo cha plastiki unachokipeleka dukani kutiliwa pesa. Na kifunguo kile kilikuwa na ulafi wake. Ukitia pauni kumi, mita inameza kwanza kipande kinene cha deni la zamani, halafu inameza ada ya siku, na kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kuwashia taa. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Wazee hao hawakuwahi kulipa deni kwa mita.

Haya yote Noreen angeweza kuyavumilia. Alikuwa mpishi wa shule kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na mtu aliyewahi kulisha watoto mia mbili kwa bajeti ya watoto mia hashtuki upesi. Lakini mwezi wa Novemba Les alianguka jikoni. Kiharusi. Alianguka na koti lake, kofia na glavu, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokuwa wakivaa ndani ya nyumba yao. Sasa alikuwa hospitalini, upande wa kulia wa mwili wake umelala, na maneno yamemtoka karibu yote. Lililobaki, kila Noreen alipoinama kumbusu kwaheri, lilikuwa moja.

"Nyumbani," Les alisema.

Hospitali nayo ilikuwa inakitaka kitanda chake. Dada aliyehusika na kuwarudisha wagonjwa makwao, Tamsin, mpole, mwenye viatu vya michezo, alimwita Noreen pembeni.

"Nitakuja Ijumaa kuiona nyumba, mama. Naangalia milango, choo, na joto. Hasa joto. Mtu wa kiharusi hakai kwenye baridi."

"Na nyumba ikiwa na baridi?"

"Basi itabidi aende makao ya wazee. Nafasi ipo Alnwick."

Alnwick ni mabasi matatu kwenda na matatu kurudi. Noreen alijua kwamba Les akipelekwa Alnwick atafia Alnwick, akiliita lile neno lake moja mbele ya watu wasiomjua. Ndiyo maana alikuwa amemng'ang'ania binti wa simu. Bei ya Pennick ilikuwa nafuu, angeweza kuwasha hita ya sebuleni mchana kutwa. Na Pennick walikuwa tayari kumpokea. Aliyekatalia njiani alikuwa Larkmoor.

Wa kumpigia hodi alikuwa mmoja tu, Wilf Hedley, jirani wa ghorofani. Nyumba za mtaa ule zimejengwa hivyo: milango miwili bega kwa bega, mmoja unaingia chini, wa pili unafungukia ngazi za kwenda juu, na katikati ya milango pana kabati dogo la mita mbili. Wilf alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, fundi wa kuchomelea meli enzi za meli, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa ushauri.

"Sweta, Noreen!" alikuwa akimwambia kila walipokutana mlangoni. "Watu wa siku hizi mnawasha hita kama mna kiwanda cha mkaa. Sisi tulilelewa na sweta. Tazama bili yangu, haitoshi hata kuchemshia yai."

Aliyasema hayo amevaa fulana nyepesi, katikati ya Januari, na mashavu yamemwiva. Noreen aliwahi kujiuliza mara mbili tatu joto lile mzee analitoa wapi. Akafikiri pengine ni damu ya mafundi wa meli.

Jumatano mita ikakaribia sifuri. Pesa za wiki zilikuwa zimekwenda kwenye nauli za hospitali, na mkopo wa dharura, ule ambao mita hukukopesha yenyewe ili uzidi kudaiwa, nao ulikuwa umekwisha. Pensheni ilikuwa ya kesho yake. Larkmoor hawakati usiku, wana adabu zao. Husubiri saa nne asubuhi. Noreen akajiandaa. Alijaza chupa ya chai, akapanga mishumaa mezani, akatoa maziwa kwenye friji akayaweka dirishani kwa nje. Redio aliiacha ikisema, ili ikinyamaza ajue.

Saa nne ikafika. Redio ikasoma habari. Ikasoma hali ya hewa, mvua na upepo kama kawaida, halafu ikaanza wimbo. Noreen akaikodolea macho. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Friji ilikuwa inanguruma.

Juu ya kichwa chake kikasikika kishindo, halafu miguu ikiteremka ngazi kwa pupa, halafu ngumi mlangoni.

"Noreen! Kwako upo?"

Alikuwa Wilf, kwa fulana na kaptula, nywele wima.

"Upo nini?"

"Umeme, bwana! Wangu umekatika. Wote! Nimeketi kidogo na kitabu changu, mara taa zikazima."

"Kwangu upo," alisema Noreen. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Makubwa haya! Mimi ninayelipa kila mwezi bila kukosa nakatiwa, na wewe..." Akajizuia.

"Na mimi mdaiwa sugu ninawaka."

"Sikusema hivyo, kipenzi."

"Ulikuwa njiani kusema, Wilf bwana."

Mzee akapanda kuwapigia simu Pennick. Hakukawia kurudi, akifoka. "Wananiambia mita yangu iko hai! Eti wanaiona huko waliko, inazunguka vizuri. Nimewaambia kama iko hai mje mkae nayo gizani." Safari hii mkononi alikuwa na waya mrefu wa rangi ya machungwa wenye soketi mwishoni. "Niazime umeme kidogo, mama. Kwa ajili ya birika tu, mpaka waje."

Mtaani pale waya unaopitishwa kwenye tundu la barua hauulizwi maswali. Kila nyumba imewahi kuutoa au kuupokea. Noreen akauchomeka ukutani, Wilf akautoa nje kupitia tundu lake na kuupandisha ngazini kwake. Kabla hajaenda, akamwekea Noreen sarafu mbili za pauni kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

"Chukua. Mimi sipendi kuwa na deni na mtu."

Alipokwisha kupanda, Noreen akatoka na kulifungua kabati la mita. Mita yake, yenye kibandiko cha namba ya chini, ilikuwa imezima kabisa. Mita ya Wilf, kibandiko cha juu, ilikuwa hai kama walivyosema Pennick, taa yake nyekundu ikipepesa polepole. Noreen akarudi ndani, akawasha hita ya sebuleni mpaka mwisho, akatoka tena mbio. Taa ya Wilf ilikuwa ikipepesa kwa kasi, kama jicho lililoingiwa na moshi.

Akaelewa yote, papo hapo, amesimama kwenye upepo. Mwenye nyumba aliwahi kubadilisha nyaya za nyumba nzima, zamani kidogo, kwa kutumia shemeji yake aliyejiita fundi. Fundi yule alizichanganya. Umeme wa chini ulipita kwenye mita ya juu, na wa juu kwenye mita ya chini. Bili ya Wilf isiyotosha kuchemsha yai ilikuwa bili ya Noreen na Les, watu wawili waliokaa na makoti. Na deni la Noreen, mlima ule wote, lilikuwa la Wilf.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hunena hivyo. Cha Noreen kilikuwa darini, kimevaa fulana, kinamshauri avae sweta.

Na Pennick je? Miezi yote ile aligonga mlango wa Pennick, akaomba, akajaza maombi, akazuiwa. Kumbe kila taa aliyoiwasha nyumbani kwake ilikuwa inawaka kwa umeme wa Pennick tangu mwanzo. Alikuwa ndani tayari. Noreen alicheka kwa sauti pale kabatini, na mpita njia mmoja akavuka kwenda upande wa pili wa barabara.

Kicheko hakikudumu. Aliingia ndani, akawasha hita zote, ya sebuleni, ya chumbani, ya kile chumba walichokifunga kwanza. Aliketi katikati ya joto akavua koti, akavua na la pili, akalia. Les amepigwa na baridi bure. Hilo ndilo lililomkata. Baridi ya umaskini mtu huizoea, lakini hii ilikuwa baridi ya kosa la mtu mwingine, na hakuna aliyewahi hata kuishuku. Alimchukia fundi, alimchukia Larkmoor, na zaidi ya wote alimchukia Wilf Hedley na mashavu yake. Sarafu mbili zilikuwa bado mfukoni mwake. Hakuzirudisha.

Alhamisi pensheni ikaingia. Noreen akapita mbele ya duka la Saleh, anakonunulia umeme, na Saleh akamwita toka ndani.

"Leo hukuweka kitu, mama?"

"Leo hapana, Saleh."

"Utakaa gizani!"

"Si mimi nitakayekaa," alisema Noreen, akaenda zake. Alijisikia vizuri hadi alipofika kona ya mtaa. Baada ya hapo alijisikia vibaya, na hilo nalo likamwudhi.

Alipofika nyumbani aliufuata ule waya. Mlango wa Wilf ulikuwa umeachwa wazi kidogo ili waya upite, na Noreen akapanda ngazi ambazo hakuwahi kuzikanyaga tangu alipozikwa mke wa Wilf. Juu kulikuwa na baridi kali. Waya uliingia jikoni, ukalipita birika bila kusimama, ukavuka ukumbi na kuzama chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Noreen akausukuma mlango.

"Funga! Funga, baridi inaingia!"

Wilf alikuwa amepiga magoti sakafuni, kwa koti na blanketi begani, anatetemeka. Mbele yake, ukuta mpaka ukuta, kulikuwa na vyungu vya liki, zile mboga za jamii ya vitunguu. Si liki za sokoni. Zilikuwa liki za kufugwa, zimenyooka, shingo zake zimefungiwa karatasi ili ziwe ndefu na nyeupe, na majani yake yamepangwa kama nywele za bibi harusi. Juu yake zilining'inia taa kubwa za joto, zote zimezima ila moja iliyokuwa inanyonya umeme kwenye waya wa machungwa. Vyungu vya pembeni alivivika shuka na vitambaa vyake vyote. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Nani amekutuma?" Wilf aliuliza. "Billy Tulip?"

"Anitume Billy Tulip kwa nini?"

"Kuja kuona. Yeye ndiye bingwa wa klabu yetu ya mashindano ya liki. Mwaka juzi mtu aliingia kwenye kibanda cha mwenzetu na kisu, akazikata zote usiku wa kuamkia mashindano. Ndiyo maana zangu nazilaza ndani. Hakuna anayejua." Akafuta pua. "Sasa unajua wewe."

"Taa hizi zinawaka muda gani, Wilf?"

"Toka Desemba mpaka joto la nje litulie. Mchana na usiku. Liki haipendi kushtuliwa."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka tangu Edie afariki. Nitafanya nini kingine?" Kisha, akijitetea, "Wala hazili umeme. Bili yangu unaijua."

Noreen alikuwa amejiandaa na hotuba ndefu. Ilimtoka fupi.

"Bili yako ninalipa mimi, Wilf. Mita zimebadilishana. Nimeangalia. Jana ni mimi niliyeishiwa, ukakatikiwa wewe."

Mzee alimtazama. Ulikuwa uso wa mtu aliyezoea michoro ya meli, na Noreen aliona ukifuata waya mmoja mmoja, toka ukutani hadi kabatini hadi chini, hadi ukafika.

"Hapana," alisema.

"Ndiyo."

"Zile pauni mbili..."

"Ulinilipa nikuazime umeme wako mwenyewe."

Wilf akataka kucheka, akamwona uso, akaacha.

"Les alianguka na glavu mkononi," Noreen alisema. "Jikoni kwake. Mimi nilikuwa nimemkataza kuwasha hita. Nilimkataza, Wilf, nilikuwa nampiga kikofi mkononi akisogea kuiwasha, kwa sababu ya deni. Na deni ni vitunguu!"

Mzee alijishika kwenye ukingo wa kitanda akainuka, goti moja, halafu jingine, akaenda ukutani na kuing'oa plagi. Taa ya mwisho ikazimika.

"Na mimi nikakuambia uvae sweta," alisema gizani. "Piga simu. Wape jina langu. Waambie deni ni la Hedley."

Wakapiga palepale, simu juu ya kitanda kitupu, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Safari hii alikuwa mwanamume, kijana, mwenye subira. Alisikiliza yote. Hata alisema "maskini" mahali pake.

"Hilo hutokea, kipenzi. Linarekebishika. Tunabadilisha namba za mita kwenye akaunti, yako inakwenda kwa jirani, ya jirani inakuja kwako na Pennick."

"Mungu akubariki," alisema Noreen. "Lini?"

Vidole vilisikika vikigonga vitufe. Vikanyamaza.

"Ah. Mfumo unakataa."

"Unakataa nini?"

"Wewe ukichukua mita ya Pennick, mfumo unahesabu kwamba umehama kwetu. Na wewe huwezi kuhama. Una deni."

"Deni si langu. Ndiyo nimekueleza."

"Litakuwa si lako baada ya mita kubadilishwa."

"Na mita hazibadilishwi kwa sababu?"

"Kwa sababu una deni, kipenzi."

Wilf akaichukua simu. "Kijana! Ni mimi huyu, Wilfred Hedley, mwenye deni. Niandike mimi."

"Wewe si mteja wetu, mzee wangu."

"Nifanye mteja basi!"

"Kwa mita ipi?"

"Hiyo ya kwake!"

"Hiyo ina mteja tayari," alisema kijana, kwa huruma ya kweli. Aliwaambia wanaweza kuandika malalamiko. Yangechukua wiki nyingi kusikilizwa, na hadi hapo kila kitu kingebaki kilivyo. Aliwatakia siku njema.

Walikaa kwenye kitanda kile, watu wawili na makoti yao. Hata ukiwa na haki, mkono mtupu haulambwi. Hatimaye Noreen akatoa mfukoni kile kifunguo cha plastiki, akakiweka kwenye goti la mzee. Akaweka juu yake zile sarafu mbili.

"Hiki ni chako. Nenda kwa Saleh ukatie mwenyewe. Deni lina jina langu, lakini ukikosa kulilipa utakaa gizani wewe. Na bili ya Pennick ikija, niletee mimi."

"Nitalilipa lote."

"Kwa pensheni gani?"

Wilf akavitazama vyungu. "Huko kwako kuna joto sasa," alisema polepole. "Umeme unaopita kwako hauna deni. Kama kungekuwa na kona..."

"Wilf bwana, usithubutu."

"Basi."

Noreen aliteremka ngazi. Larkmoor ameshikilia jina lake, Wilf ameshikilia kifunguo chake, na hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyeweza kumwachia mwenzake. Asingeweza kuhama kampuni, wala nyumba, wala hata kumkasirikia jirani kwa raha zake, maana siku mzee akifa au akichoka kulipa, deni lingerudi mlangoni kwake usiku huohuo.

Lakini joto lilikuwepo. Ijumaa Tamsin aliingia, akavua skafu kabla hajasalimia, akashika ukuta kwa kiganja.

"Mama, hapa ni kama Uhispania! Nilikuwa nimejiandaa kukukatalia." Akaandika, akapima mlango wa choo, akaandika tena. "Jumatatu tunamleta."

Wakamleta Jumatatu, vijana wawili wa gari la wagonjwa, wakamketisha kwenye kiti chake kando ya hita ya sebuleni. Les akayazungusha macho, picha ya harusi, dirisha, saa ya ukutani. Uso ulimlegea upande mzima kama ulivyolegea ule mgonjwa, akalia kidogo, na Noreen akamfuta, akajifuta na yeye. Hata masikio ya Les yalikuwa mekundu. Hakuwa ameyaona mekundu ndani ya nyumba ile kwa miaka.

"Umefika," alimwambia. "Kaa hapo. Kuna nyama ya ham na dengu za kupondwa, kama unavyopenda."

Akaenda jikoni kupakua. Juu alisikia miguu ya Wilf ikizunguka ukumbini, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mwendo wa mtu anayejipasha joto. Aliziba masikio kwa kugonganisha sahani.

Aliporudi na sinia, hita ilikuwa imezimwa.

Akafikiri ameisahau. Akaiwasha, akamwekea Les kitambaa shingoni, akamlisha vijiko vichache. Les alitafuna polepole, akameza. Halafu akaunyosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukiwa unatetemeka kwa safari ndefu ya kuvuka mkono wa kiti, ukakifikia kitufe cha hita, ukakizungusha mpaka kikalia.

"Les. Mpenzi. Iache."

Midomo yake ikahangaika. Wauguzi walikuwa wamesema maneno yatarudi, moja moja, yale aliyoyatumia zaidi ndiyo yatatangulia.

"Deni," Les alisema, wazi kabisa.

Noreen akaweka sinia chini, akapiga magoti mbele yake, akamshika ule mkono. "Halipo. Sikiliza. Halikuwa letu hata siku moja. Lilikuwa la juu, la Wilf, mita zilichanganywa. Hii imelipwa. Tunaweza kuiwasha mpaka kesho."

Akaiwasha. Les alimtazama kwa upole mwingi, kama mtu anavyomtazama mkewe anayemdanganya ili asihuzunike. Alingoja Noreen amalize kusema yote. Kisha akauchomoa mkono wake, taratibu, akaupeleka tena kwenye kitufe, akaizima, na kwa vidole vilevile akajaribu kuvuta kola ya sweta lake ifunike shingo.

Hakuiweza kola. Noreen alibaki amepiga magoti kwa muda. Halafu akainuka, akaenda ukumbini, akamletea koti.